Vidole viwili vimekwenda, na bosi anataka nisaini laki nne

Ndugu mshauri, salaam.

Nina miaka 31. Nimefanya kazi miaka mitatu na miezi miwili katika karakana ya samani hapa Dar es Salaam, upande wa mashine: kuchana mbao kwa msumeno wa duara na kupiga randa. Tuko wafanyakazi 11. Wiki tano zilizopita nilikuwa nachana paini mbichi kupata vipande vyembamba, mbao ikabana, ikarudi kwa nguvu na mkono wangu wa kushoto ukavutwa. Kidole cha shahada kimekwenda chote, cha kati kimebaki hadi kiungo cha pili. Gadi ya msumeno, yaani kifuniko cha kukinga mikono, ilifunguliwa tangu mwaka jana kwa sababu bosi alisema inachelewesha kazi. Sasa anasema kosa ni langu, sikuwa makini.

Alilipia siku nne za kulazwa. Baada ya hapo sijapata hata shilingi. Siku tisa zilizopita aliniita akaniambia nisirudi tena kazini, kisha akaweka mezani karatasi mbili. Ya kwanza inasema nimepokea 400,000 na sina madai yoyote. Ya pili ni barua ya kuacha kazi kwa hiari yangu. Nimemwambia nitafikiria. Hana haraka, anasema, lakini anapiga simu kila jioni.

Mshahara wangu ni 420,000 kwa mwezi. Kati ya hizo 270,000 hupita benki na ndizo zilizo kwenye slipu, na 150,000 hunitumia kwenye simu, anaziita posho. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nakatwa 27,000 kila mwezi. Mkataba wa maandishi sijawahi kupewa. Kuhusu fidia nimeambiwa karakana "haijasajiliwa huko", hivyo nisijisumbue.

Naomba kujua: nisaini? Nikikataa napata wapi haki yangu? Wenzangu bado wanatumia mashine ileile na wanaogopa kusema. Na mwisho, kwa mkono huu naweza kusomea nini? Nilifikiria umeme wa majumbani au upholsta.

Fundi wa mashine, Dar es Salaam

*

Ndugu yetu fundi, pole sana kwa yaliyokukuta.

Usisaini. Si ile ya laki nne, na hasa si ile ya pili. Watu wengi huiogopa karatasi yenye pesa, kumbe yenye hasara kubwa ni barua ya kuacha kazi. Ukishaandika kwamba umeacha kwa hiari, fao la kukosa ajira la NSSF linakufa papo hapo, kwa kuwa halilipwi kwa aliyeacha mwenyewe. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) nayo itauliza utalalamikiaje kuachishwa wakati barua yako inasema uliondoka. Kwa sahihi moja unakuwa umefunga milango miwili.

Tuipime basi hiyo laki nne kwa hesabu ya chini kabisa, yaani mshahara wa 270,000 anaoukubali mwenyewe. Anayelipwa kwa mwezi akiachishwa hustahili notisi ya siku 28 au malipo yake. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa mwenye miezi 12 na zaidi kazini, na ukomo ni miaka 10. Kwa wiki ya siku sita, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 26: 270,000 inatoa kama 10,385 kwa siku. Zidisha kwa siku 21 za miaka yako mitatu, upate takriban 218,000. Jumlisha na notisi, umeshaivuka laki nne, na bado hatujagusa likizo ambayo hukwenda, wiki tano ambazo hujalipwa, wala kidole. Bosi anataka kununua fidia yako kwa pesa ambazo nyingine tayari ni deni lake kwako.

Jambo lenye saa inayokimbia ni CMA. Shauri la kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Umetumia 9, zimebaki 21. Usisubiri kidonda kipone wala uchunguzi wa mtu yeyote uishe. Unachukua Fomu Na. 1 ya Tume, unaijaza, unampelekea mwajiri nakala na kupata uthibitisho kwamba ameipokea, kisha unaifungua ofisi ya CMA ya eneo ulikofanyia kazi. Hakuna ada. Kinachowakwamisha wengi ni uthibitisho huo: mwajiri anakataa kusaini. Nenda na shahidi, mwachie nakala mtu wa mapokezi, andika tarehe, saa na jina la aliyepokea, au itume kwa rejista ya posta utunze risiti. Ukichelewa utalazimika kujaza Fomu Na. 2 kuomba kusamehewa kuchelewa, na hapo unaanza kwa kujitetea badala ya kudai.

Kwenye fomu usiandike "nimeonewa". Andika umeachishwa tarehe fulani, kwa mdomo, bila notisi, bila sababu ya maandishi, ukiwa kwenye matibabu ya jeraha la kazini. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinamtaka mwajiri anayemwondoa mtu kwa kukosa uwezo kiafya aangalie kwanza chanzo, ukubwa wa ulemavu na kama ipo kazi nyingine ya kumpa. Pale ulemavu ulipotokana na kazi yenyewe, wajibu wake wa kutafuta kazi mbadala ni mzito zaidi. Karakana ya watu 11 ina kupokea na kuhesabu mbao, kupiga msasa, kupaka vanishi, kufunga samani. Aeleze kwa nini hakuna hata moja uliyofaa. Kutokuwa na mkataba wa maandishi kusikutie hofu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka yeye akupe maelezo ya ajira kwa maandishi, na akishindwa kuyaonyesha, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti unalolidai unamwangukia yeye.

Sasa fidia, ambayo ndiyo nyama ya jambo hili. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) uliundwa na Sheria Na. 20 ya mwaka 2008 na ulianza kazi Julai 2015. Anayechangia ni mwajiri peke yake, asilimia ya mishahara anayolipa. Mfanyakazi hakatwi. Ndiyo maana hukuona mstari wa WCF kwenye slipu yako, na kutouona hakuthibitishi kwamba karakana haijasajiliwa. Kusajili ni wajibu wa mwajiri na kutosajili ni kosa lake mbele ya sheria. Kwa hiyo jibu la "hatujasajiliwa huko" si la kukurudisha nyumbani. Lipeleke kama lilivyo kwa maofisa wa Mfuko, wao wataangalia daftari lao.

Na lile la "hukuwa makini" halina uzito anaoupa. Fidia ya Mfuko hailipwi kwa kutafuta mwenye kosa. Swali ni kama ajali ilitokea ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Kinachoweza kuleta shida ni utovu wa nidhamu wa makusudi, kama vile kulewa kazini, na hata huo haumnyimi haki mtu aliyepata ulemavu mkubwa. Kutumia mashine ambayo bosi mwenyewe ameiondolea gadi hakuingii humo.

Utaratibu uko hivi. Unamtaarifu mwajiri kuhusu ajali, na yeye anatakiwa kuripoti kwa Mfuko ndani ya siku 7. Dai lenyewe lina muda wa miezi 12 tangu ajali. Alikuwepo siku ile na alilipa hospitali, kwa hiyo hawezi kusema hakujua, lakini mwandikie hata hivyo: barua ya nusu ukurasa yenye tarehe, saa, mashine, kilichotokea, vidole vilivyopotea, na ombi la kujaza taarifa ya ajali. Nakala iende ofisi ya WCF, ukaipeleke mwenyewe. Beba kitambulisho cha NIDA, muhtasari wa hospitali wa siku uliporuhusiwa, picha za eksirei, risiti zote za dawa na kufunga kidonda, slipu za mshahara, taarifa ya benki, na majina ya wenzako wawili walioona. Kama hospitali haikuandika kwamba jeraha ni la kazini, rudi uombe daktari aliandike kwenye faili. Dai likikuta faili limeandikwa "kujikata" tu, hukawia bila sababu.

Malipo yanakuja kwa sura tofauti. Kuna matibabu. Kuna malipo ya ulemavu wa muda, 70% ya kipato chako cha mwezi kwa kipindi ambacho daktari anasema huwezi kufanya kazi, hadi miezi 24. Kisha jeraha likishatulia, daktari hupima ulemavu wa kudumu kwa asilimia: usiozidi 30% hulipwa kwa mkupuo, unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Usikimbilie kupimwa wakati kidonda bado kinatoa maji na viungo havijakunjika. Kidole kilichobaki nusu kinaweza kukakamaa au mkono ukapoteza nguvu ya kushika, na hayo yote yanahesabiwa kama yapo kwenye ripoti. Asilimia hiyo haiwi mazungumzo kati yako na bosi.

Hapa ndipo "posho" inapouma. Asilimia 70 ya 270,000 ni 189,000. Ya 420,000 ni 294,000. Tofauti ni 105,000 kila mwezi, na inaendelea hadi kwenye malipo ya kudumu, kwa kuwa nayo hupigwa kwa kipato. Pesa inayolipwa kila mwezi, kwa kiwango kilekile, bila kudaiwa risiti ya matumizi, ina sura ya mshahara hata ikipewa jina gani. Usibishane naye kwa simu. Omba taarifa ya miamala ya miezi 12 kutoka mtandao wako wa simu, piga mstari kila alipokutumia 150,000, uiambatanishe kwenye dai la WCF na la CMA. Usifute ujumbe wowote wa miamala, na usibadilishe laini.

Upo pia ujira wa likizo ya ugonjwa: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, mradi uwe na cheti cha daktari. Siku ambazo Mfuko unakulipa hutalipwa mara mbili, lakini wiki hizi tano za ukimya hazina maelezo yoyote.

NSSF iwe ya mwisho katika foleni hii, kwa sababu fao la kukosa ajira linahitaji ajira iwe imekoma, na wewe kwanza unapinga kukoma huko. Masharti makuu: umechangia miezi 18 au zaidi, hukuacha mwenyewe, huna kazi nyingine. Malipo ni 33.3% ya mshahara kwa miezi 6. Kwa 270,000 ni kama 89,900 kwa mwezi, jumla karibu 539,000. Kwa 420,000 ingekuwa takriban 139,900 na 839,000. Wewe umekatwa miezi 38, lakini kukatwa na kuwasilishwa si kitu kimoja. Nenda wiki hii uombe taarifa ya michango uhesabu miezi iliyoingia. Ukikuta mapengo, acha nakala za slipu za miezi hiyo na malalamiko ya maandishi; kudai malimbikizo kwa mwajiri ni kazi ya NSSF. Ukifika dirishani useme pia kwamba una dai la WCF na shauri CMA. Wakilijua baadaye kwa njia nyingine, faili lako litasimama.

Tuje kwa wenzako 10. Msimamizi wa usalama ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 2003. Mkaguzi anaweza kuingia karakana, kutoa notisi ya kurekebisha kwa muda maalumu, au notisi ya kuzuia mashine isiguswe mpaka iwe salama. Karakana yenye wafanyakazi zaidi ya wanne inapaswa kuwa na mwakilishi wa usalama aliyeteuliwa kwa maandishi. Waulize wenzako nani ndiye, tunahisi watacheka.

Malalamiko mengi OSHA hayazai kitu kwa sababu yameandikwa kama ugomvi na bosi. Mkaguzi anahitaji kitu cha kwenda kukitazama. Mwandikie: msumeno wa duara wa meza, kipenyo cha bledi, hauna gadi ya juu tangu mwezi fulani, hauna kisu cha nyuma (bamba la chuma nyuma ya bledi, tunalieleza hapa chini), mkanda na pulii viko wazi, hakuna swichi ya dharura anayoifikia aliyesimama mbele ya meza, wafanyakazi 11, mashine hufanya kazi siku fulani saa fulani, ajali ilitokea tarehe fulani. Kama mbao nyingi huchanwa usiku au Jumapili, sema hivyo, maana mkaguzi akija Jumanne asubuhi atakuta watu wanapaka vanishi. Kwa kuwa umeshaumia na umeshaondolewa, sahihi iwe yako. Wenzako hawana haja ya kujitokeza kwa majina.

Na wao wakati wanasubiri? Mbao haikurudi kwa bahati mbaya. Paini mbichi ikichanwa hujibana: mwanya uliokatwa unajifunga nyuma ya bledi, meno ya nyuma, ambayo yanapanda juu, yanainyanyua mbao na kuirusha kuelekea kwa fundi. Mkono uliokuwa unasukuma unapoteza kitu cha kusukuma na unaangukia kwenye meno. Kinachozuia hilo ni kisu cha nyuma, bamba la chuma linalosimama katika mstari mmoja na bledi: nene kuliko bamba la bledi, jembamba kuliko mwanya unaokatwa, na lisiwe mbali na meno zaidi ya milimita 8 usawa wa meza. Likiwekwa mbali, mwanya unapata nafasi ya kujifunga kabla ya kulifikia, na ni kama halipo. Gadi ya juu ishushwe karibu kabisa na mbao. Sentimita 30 za mwisho za kila mbao zisukumwe kwa fimbo ya kusukumia, yenye urefu wa kama sentimita 45 na pembe iliyochongwa mbele, si kwa vidole. Fimbo hiyo inatengenezwa kwa kipande cha mbao kinachotupwa, kwa dakika kumi. Glovu zisivaliwe kwenye msumeno, kwani nyuzi zake zikinaswa zinavuta mkono mzima. Gadi inachelewesha kazi pale tu inapokuwa imefungwa vibaya au si ya mashine hiyo, na dawa yake ni kufungwa upya.

Ukipata nafasi ya kuzungumza na bosi kwa utulivu, mkumbushe hili: kama amesajiliwa na amechangia, fidia yako halipi yeye, unalipa Mfuko. Inawezekana anachoogopa ni malimbikizo na mkaguzi mlangoni, na laki nne haiviondoi vyote viwili.

Kuhusu kusoma. WCF ina huduma ya utengamao, yaani kumrudisha aliyeumia katika hali ya kufanya kazi, na mafunzo ya ufundi yanaweza kuwa sehemu yake. Iombe kwa maandishi ndani ya faili lako, usisubiri kupendekezewa. Kabla ya kuchagua fani, muulize daktari mambo mawili: nguvu ya kubana kati ya dole gumba na vidole vilivyobaki, na kama ncha ya kidole kilichokatwa itakuwa na ganzi. Umeme wa majumbani una kazi nyingi za skrubu ndogo na waya ndani ya visanduku vyembamba, na juu ya ngazi mkono mmoja hushika ngazi. Ganzi hapo si jambo la kupuuza. Upholsta inataka kuvuta kitambaa kwa mkono mmoja na kupiga stepla kwa mwingine. Kama kulia ndiko unakopigia stepla, kushoto ndiko kutavuta, na koleo la kuvutia kitambaa linaweza kuziba pengo la kidole cha shahada. Kwetu sisi hiyo inakufaa zaidi, tena samani unazijua tayari.

Ila usianze sifuri. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hutathmini ujuzi uliopatikana kazini na kuutolea cheti: unajiandikisha katika chuo kinachofundisha fani yako, unapimwa kwa vitendo, unafundishwa pale penye mapengo, unapimwa tena. Useremala wako wa miaka mitatu unafaa kupimwa kwanza, maana cheti hicho kinakupa pia kazi za kusimamia, kukadiria mbao na kukagua samani, ambazo hazihitaji vidole kumi. Peleka picha za kazi ulizofanya na hati ya utumishi. Hati hiyo ni haki yako ajira inapokoma, iwe mmeachana kwa wema au kwa ubaya, kwa hiyo iweke kwenye orodha ya madai CMA. Jiandikishe pia kwenye huduma za ajira za serikali, TaESA, na utaje ulemavu wako waziwazi: mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi anatakiwa kisheria kuwa na angalau 3% wenye ulemavu, na wapo wanaowatafuta kwa sababu hiyo.

Kesho asubuhi anza na Fomu Na. 1. Bosi akipiga jioni, mwambie akuandikie ujumbe.